Karatasi Mbele ya Rejeta

Kuna harufu moja ambayo sijawahi kuikimbia, ingawa nimekimbia mengi: shule, kazi saba au nane, na miji ambayo majina yake nimeanza kuyachanganya. Ni harufu ya maji yenye kutu yakichemka ndani ya injini, pamoja na tope linalookwa taratibu. Mwezi uliopita lori nililopanda lilianza kuitoa tukiwa mlimani. Kabla dereva hajasimama, nilikuwa nimesharudi Bwaise, mtaa niliokulia, nina miaka kumi na miwili, nimekaa kiti cha nyuma nikiutazama mshale wa joto juu ya bega la mama.

Mama alikuwa dereva wa speshali, teksi ya kukodi, mwanamke peke yake pale steji. Wenzake walimwita Mama Jeshi kwa sababu baba alikuwa askari. Baba alipofariki alituachia gari dogo jeupe lililonizidi umri, na zoea lake moja. Mvua ikinyesha Bwaise, barabara inakuwa mto. Feni ya gari ikigusa maji huyarusha juu ya nyaya za injini, na gari linazima katikati. Kwa hiyo baba alikuwa na gunia. Kabla ya kuingia majini alilishindilia mbele ya rejeta, pale upepo unapoingia kupoza maji ya injini, akavuka polepole, akalitoa ng'ambo. Mama aliendelea vivyo hivyo, na gunia lile lile. Madereva wengine walisubiri maji yapungue. Yeye alivuka na abiria wake, mikono miwili kwenye usukani.

Kisha gari likaanza kuchemka. Fundi wa kwanza alitoa thamostati, kilango kinachozuia maji mpaka injini ipate moto, akaitupa. "Hii ni ya nchi za baridi, nyabo. Huku ya nini?" Wa pili alibadilisha mfuniko wa rejeta. Wa tatu aliinama juu ya injini muda mrefu, akasema labda kichwa cha injini kimepinda. Mjomba Idi, kaka yake mama, hakuhitaji kusikia zaidi.

"Dada, hii gari imekufa. Wewe tu ndiyo hujaizika."

Akamtafuta mnunuzi wa vyuma chakavu, wakakubaliana aje Jumamosi. Mama asingepata gari lingine. Hilo hata mimi nilijua. Angerudi kukaanga sambusa kando ya barabara, kazi aliyoiacha siku aliyopata leseni na ambayo hakupenda hata kuitaja.

Mimi shuleni nilikuwa mtoto wa kuuliza "kwa nini" mpaka mwalimu ananitoa nje, na huko nje nakuta mambo mengi zaidi ya kuuliza. Nilichana ukurasa wa daftari la hesabu, nikaandika kila mahali gari lilipochemka. Mlima wa Mulago, ndiyo. Jamu ya magari Bukoto, ndiyo. Barabara ya Bombo alfajiri, mwendo mkali, hapana. Nilikaa na ukurasa ule siku mbili. Likikimbia, lilikuwa zima. Likitambaa, liliugua. Basi lilikuwa linakosa upepo.

Alhamisi alasiri mama aliliwasha uani, boneti juu. Nilisimama mbele ya gari nikichungulia, na karatasi ikanichomoka mkononi. Ilivutwa na upepo wa feni, ikajibandika kwenye rejeta kama tangazo ukutani. Niliibandua, nikairudisha. Ikashika. Nikaishusha chini, nyuma ya bampa, mahali ambapo jicho halifiki. Ikaanguka. Nikajaribu kushoto, nikajaribu kulia. Juu inashika, chini inaanguka.

"Mama! Huku chini haivuti!"

Mjomba Idi, aliyekuwa mlangoni na chai yake, alicheka mpaka akaimwaga. "Banange! Sasa tuna fundi wa karatasi, na ni msichana!"

Mama hakucheka. Alizima injini, akapiga magoti, akapenyeza kidole chini ya bampa. Kilitoka na tope gumu lenye nyuzi za gunia. Kila alipovuka, gunia lilikuwa limesukuma tope ndani ya vitundu vya rejeta, na moto wa injini ukalioka kama tofali. Alikaa pale akizitazama zile nyuzi. Kisha akasema, "Lete spana namba kumi."

Ijumaa sikwenda shule. Rejeta ikiwa imefunguliwa, niliimwagia maji ya sabuni kwa upande wa nyuma na kuchokoa kwa njiti ya ufagio, kitundu kimoja kimoja, maana vile vibati vyembamba hukunjika ukivilazimisha. Vidole vilivimba. Mjomba alipita akasema, "Bado unaosha maiti?" Nikaendelea. Jua likikaribia kuzama niliinua rejeta juu, na kupitia ndani yake nikaona nguo za jirani zikipepea kwenye kamba.

Jumamosi nilikuwa nakaza bolti ya mwisho mnunuzi alipofika, kamba ya kukokotea begani. Mama alifungua milango. "Ingieni kwanza."

Tulipanda Mulago katikati ya jamu, nyuma ya basi lililosimama kila hatua tatu. Mshale ulipanda hadi nusu. Ukapita nusu kidogo, nikasogea mbele kwenye kiti. Ukakaa hapo. Kule juu mnunuzi aligusa boneti kwa kiganja, akamgeukia mjomba. "Ssebo, mimi nanunua vyuma. Hii ni gari." Mama alimkabidhi kamba yake, na kwa kuwa mwanamke mwenye kapu alikuwa anatupungia mkono kando ya barabara, mjomba naye akashushwa ili ampishe.

Kwa miaka mingi nilisimulia kisa hiki nikiamini kwamba mama alitaka tu kuwaonyesha kitu alichokwisha kukihakikisha. Halafu, katika mojawapo ya safari zangu za kurudi nyumbani, nilimuuliza alilijaribu gari saa ngapi.

"Nilijaribu saa ngapi, na wewe ulikuwa bado unakaza bolti?"

"Sasa ulijuaje halitachemka?"

"Sikujua. Ule mshale sikuthubutu hata kuuangalia. Nilikuwa naangalia uso wako kwenye kioo."