Kufagia Chini ya Bembea

Ipo siku moja ya Keko ambayo mpaka leo hainitoki, mwanangu, na jana uliponitumia picha ya uwanja wa chekechea yako huko Chamazi, ikanirudia yote. Uwanja umependeza, siwezi kusema uongo. Bembea nyekundu, mtelezo wa njano, na chini pevingi tupu, yale matofali ya saruji, hata jani halijadondoka. Unasema Jumatatu unafungua. Nami nikaitazama ile picha nikamkumbuka bibi yako mzaa baba, nikalia.

Wakati huo nilikuwa bi harusi wa juzi, nimetoka Singida kuolewa na fundi seremala, nikapokelewa katika nyumba ya mama yake. Bibi yako alikuwa mtu wa Masasi, mwenye maneno machache. Baba yako alikuwa amewatengenezea watoto wa mtaa bembea nyuma ya karakana, na kila jioni ua ulijaa makelele. Chini ya bembea ile mama mkwe alimwaga maranda, yale maganda membamba ya mbao yanayotoka kwenye randa, rundo zima, ukikanyaga unazama.

Sasa, wewe umelelewa na mimi, unajua nilivyo na ufagio. Mke mgeni hupimwa kwa uwanja. Majirani hawasubiri kuonja mboga yako. Wanachungulia tu kama alama za ufagio zimenyooka. Basi kila alfajiri nilikuwa nainama, nafagia maranda yote mpaka ardhi inang'aa. Kila mchana mama mkwe anayamwaga mengine, baada ya kuyapekua kwa vidole kutoa misumari. Hakuniambia kitu, nami sikumuuliza. Mtu na mkwewe wana heshima zao. Moyoni nikasema mama huyu ananikomoa, anataka nionekane mchafu. Tukaenda hivyo, mmoja anafagia, mwenzake anamwaga, na asubuhi shikamoo mama, marahaba mwanangu. Ungetuona ungecheka.

Siku ninayoisema, wazazi wangu walikuwa wamekuja kunitazama kwa mara ya kwanza tangu niolewe. Nilifagia, nikanyunyiza maji vumbi litulie, ardhi ikashika kama sakafu. Watoto walipoikimbilia bembea, mama mkwe akatoka jikoni, akaikamata minyororo kwa mikono yote miwili, akasimama hapo. Wazazi wangu wako kwenye mkeka, wanatazama.

"Leo habembei mtu," akasema. Kisha akanigeukia, taratibu. "Mwanangu, unanifagilia wajukuu."

Niliona aibu mbele ya baba yangu, nikajibu, kwa sauti ya chini lakini nikajibu. "Mama, si wageni walikuwa wanakuja? Nilitaka wakute pasafi."

Hakukasirika. Akaniambia jambo ambalo hata baba yako alikuwa hajawahi kulisikia lote. Mtoto wake wa kwanza, Antoni, alianguka kutoka kwenye bembea ya kamba iliyofungwa kwenye mkorosho, kwao Masasi. Hapakuwa juu. Alitangulia kisogo tu, basi.

"Ua ule niliufagia mwenyewe asubuhi ile, majani yote ya mkorosho," akasema. "Ulikuwa msafi kuliko huu. Watu wakaja msibani wakakaa pale pale, wakaniambia nisilie sana, ajali haina kinga. Kinga ilikuwepo, mwanangu. Nilikuwa nimeizoa nikaitupa jalalani."

Baba yangu ndiye aliyenyanyuka kwenye mkeka, mgeni wa watu, akaenda karakana na karai akarudi na maranda. Nikamfuata na ndoo. Mama mkwe hakuiachia minyororo mpaka alipochomeka mkono kwenye rundo na vidole visiguse ardhi.

Tangu hapo tukawa tunapekua misumari pamoja. Ua ule haupo tena. Ni fremu za maduka, na bibi yako tulishamzika. Lakini nikipita Keko harufu ya mbao ikanifikia, nasimama. Nina hamu na yule mama. Natamani nimkute ameinama, nikae kando yake tupekue, na safari hii nimuulize habari za Antoni, alikuwa anapenda nini, alikuwa anachekaje. Sikumuuliza kamwe. Niliona nitamtonesha.

Mwanangu, najua fundi aliyekuuzia vifaa amekuambia vimetimiza viwango vyote vya usalama, na sikatai. Lakini kiwango hakiishii kwenye chuma, kinafika mpaka pale mtoto anapoangukia. Zing'oe hizo pevingi chini ya bembea na pale mtelezo unapoishia. Mwaga mchanga laini, mwingi, na kila asubuhi chomeka mkono wako mwenyewe, usimtume mtu. Bembea isogeze mbali na ule ukuta wa kwenye picha uliochorwa herufi, maana ikienda mbele inapeleka kichwa cha mtoto huko. Vuta minyororo uone kama inalika. Kama Jumatatu haiwezekani, fungua wiki nyingine. Wazazi watanung'unika kwamba watoto wanarudi na mchanga kwenye soksi. Waache wanung'unike, mchanga unakung'utwa. Nyie mnaicheka ile methali kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ingekuwa hivyo ningenyamaza, guu ni lako. Hapa asiyesikia ni mwingine, na atakayevunjika ni mtoto wa watu aliyekuja kucheza.

Mungu aibariki kazi ya mikono yako. Akujalie uwanja usiokauka kelele, watoto wakianguka wainuke wakicheka, na kila jioni uwarudishe kwa mama zao, wachafu, wazima.