Wingu la Paskasi

Paskasi ana studio ya picha karibu na soko la Babati. Anapiga za pasipoti, za kipaimara na za harusi, na mtu akitoka amefumba macho anampiga tena bila kumdai. Nyumbani, Sigino, ni jirani yangu. Huko anapiga picha za angani. Hapigi mwezi. Anatafuta mawingu ya gesi na vumbi yaliyo kati ya nyota, tena yale hafifu ambayo hata wapiga picha wenzake wa nchi nyingine huyaruka. Kamera anaifunga juu ya mashine ndogo inayoizungusha polepole kufuata nyota, inapiga picha usiku kucha, kisha anaziunganisha kwenye kompyuta ziwe moja.

Watu walisikia neno mawingu tu. Msimu wa kupanda walimsimamisha njiani.

"Paskasi, mawingu yanasemaje? Tupande?"

"Ya kwangu hayanyeshi, mzee."

"Sasa unayafuga ya nini?"

Alicheka pamoja nao.

Mimi nilikuwa na taa nje, ikimulika mpaka wa shamba. Mume wangu alipofariki, shemeji yangu Sosthenes na wanawe walianza kung'oa minyaa, miti ya ua wa mpakani, na kuichomeka ndani kwangu, kidogo kidogo, usiku. Wazee wa ukoo walisema minyaa haina miguu, kwa hiyo mpaka ni pale ilipo. Nikaweka taa. Wakaacha.

Jioni moja Paskasi akaja mlangoni.

"Shikamoo, Mama Vailet."

"Marahaba."

"Kuna wingu nalitafuta mwaka wa pili sasa. Mwanga wa taa yako unalifuta. Naomba uizime leo tu, mwezi haupo."

"Na Sosthenes je?"

"Mimi nitakuwa nje mpaka asubuhi. Nani atakuja na mimi nipo?"

Nikazima.

Kulipokucha minyaa ilikuwa imefika ukutani mwa jiko langu, udongo bado mbichi. Sosthenes alisema imekuwa pale siku zote. Nikamwita Paskasi kwa mwenyekiti wa mtaa.

"Uliona nini?" mwenyekiti alimuuliza.

"Sikuona. Nilisikia majembe."

"Hukumulika?"

"Ningewasha tochi, picha ingeharibika yote."

"Majembe ya nani?"

"Siwezi kusema, mwenyekiti."

Mwenyekiti akatuambia twende nyumbani tukaelewane.

Wingu lilitokea. Ni jekundu, limechanikachanika pembeni kama kanga kuukuu. Paskasi alilitilia fremu akaniletea, nikaipokea kwa mikono miwili. Akaniambia waliowahi kuliona duniani ni wachache sana. Nikamwambia asante.

Taa siwashi tena. Ng'ambo ya minyaa Sosthenes amepanda mbaazi, na zimeota vizuri.