Mstari wa Tatu wa Risala

Mwaka huu nilirudi kwenye shule niliyosoma, kumvalisha shada binti wa dada yangu anayemaliza kidato cha nne. Kutoka kwangu Utemini hadi kule, ukishaipita Sepuka, ni safari fupi kwa mtu asiyependa kusimama njiani kununua vitunguu. Mimi napenda. Nilifika mahafali yameshaanza, nikakaa safu ya mwisho ya turubai la wazazi, mahali ambapo upepo unakupa vumbi lote la uwanja na nusu tu ya maneno ya wanaozungumza.

Niliangalia huku na kule kama mtu anavyoangalia nyumba aliyowahi kupanga. Jiko la nyasi lililotupikia makande yenye moshi halipo, wamejenga la tofali. Kuna bomba la maji. Kuna bweni la wasichana, limepakwa rangi. Mwalimu wangu wa darasa amestaafu, nasikia anafuga nyuki huko Itigi, nikawaonea huruma nyuki. Niseme ukweli, sikuumia kuyakosa hayo yote. Yale makande hakuna aliyeyapenda hata siku moja.

Ndipo akasimama binti mmoja na karatasi, akamsalimu mgeni rasmi, akaanza kusoma risala ya wahitimu. Mstari wa kwanza ulikuwa wa kushukuru. Wa pili pia. Wa tatu ukasema: "Tulianza kidato cha kwanza tukiwa wengi kuliko mnavyotuona. Baadhi yetu walihama, na wengine waliacha shule kwa utoro."

Nikakaa wima. Mstari huo ninaufahamu. Mimi mwenyewe niliwahi kuuandika.

Wewe uliyesoma shule ya kutwa mbali na kwenu utakumbuka geto, kile chumba wanafunzi wanapanga kijijini ili wawe karibu na shule. Kwenye letu tulikuwa wawili, mimi na mwenzangu wa dawati. Tulilala kitanda kimoja, tulipika chungu kimoja, ugali wa uwele na mlenda, na mlenda tulipewa na mama mwenye nyumba, aliyekuwa akianika majani yake juu ya mwamba nyuma ya choo. Mama huyo alitusemesha Kinyaturu tu. Kiswahili, alisema, ni cha kuombea kazi. Alfajiri alitugongea ukuta kwa mchi, tukachukua madumu kwenda kisimani, lita kumi za shule na lita kumi zetu. Mwenzangu alibeba kichwani bila kushika. Mimi nililowa mgongo kila siku, naye alicheka kila siku, kama vile hajawahi kuona.

Kidato cha tatu, msimu wa kuvuna alizeti, mama yake alianguka na kuvunjika mguu. Baba hakuwepo, wadogo walikuwa wanne, na alizeti ilikuwa shambani inaliwa na ndege. Jumapili mwenzangu alifunga kanga yake, akaniachia barua ya kumpa mwalimu wa darasa. "Umpe kesho," aliniambia. "Mwambie nitarudi mama akianza kutembea." Niliiweka ndani ya daftari langu la Historia.

Jumatatu ile ilikuwa siku ya samadi. Kila mwanafunzi alitakiwa kuja na ndoo moja ya samadi kwa ajili ya bustani ya shule, na mwenye nyumba wetu hakuwa na hata mbuzi. Mwalimu wa darasa alisimama getini na fimbo. Mimi nilikuwa kiranja, na kiranja asiye na samadi alichapwa mara mbili, ili wengine wajifunze. Nikaingilia nyuma ya vyoo. Siku nzima nilimkwepa mwalimu, na kesho yake pia, maana barua nisingeweza kumpa bila yeye kuniona mikono mitupu. Keshokutwa yake ingebidi nieleze kwa nini nimechelewa. Kila asubuhi jina la mwenzangu liliitwa, na kila asubuhi nilijiambia kesho. Likaja likizo, shule ikafunguliwa, jina likaacha kuitwa.

Alirudi mwezi wa nane, Jumapili jioni, amekonda, mikono imekuwa migumu kama ya mtu mzima. Mama yake alikuwa anajikongoja kwa fimbo. Jioni hiyo hiyo aliazima madaftari yangu yote, akakaa mlangoni ananakili notisi alizokosa hadi giza likamkatisha. Nilipika, nikamsimulia habari za shule. Habari ya barua sikuigusa.

Asubuhi mwalimu alimsimamisha mbele ya darasa. Alimwambia jina limeshakatwa kwa utoro. Akamuuliza, "Ulipoondoka, ulimuaga nani?"

Nilikuwa dawati la mbele. Niliona viatu vyake, vimefungwa kamba za katani.

"Sikumuaga mtu, mwalimu," alisema.

Akachukua dumu lake, akaondoka. Kwa miaka mingi sikuelewa kwa nini alijibu vile.

Mwaka uliofuata nilichaguliwa kuandika risala kwa sababu ya mwandiko wangu. Mwalimu alinipa ya mwaka uliotangulia, akaniagiza nibadilishe tarehe na jina la mgeni rasmi. Nilipofika mstari wa tatu kalamu ilisimama. Ningeweza kuandika kwamba wengine walikwenda kuuguza wazazi. Hakuna ambaye angenikatalia. Niliandika utoro, nikaenda kula. Siku ya mahafali niliusoma mbele ya watu wote, na nilipomaliza mtu alitokea upande wa jikoni, akapita katikati ya wazazi na shada la pipi alilotunga mwenyewe kwa uzi, akanivalisha. Alikuwa yeye. Nililia, watu wakadhani ni furaha.

Basi, nimekaa safu ya mwisho, binti bado anasoma risala, na mwanamke wa kiti cha pembeni ana shada la pipi mapajani. Kitambaa kichwani, uso umejaa. Nilimtambua mwenzangu kwa mikono.

Tulisalimiana kwa muda mrefu, kama wanavyosalimiana watu wa kwetu: watoto, mvua, mama. Mama yake alifariki. Binti yake anahitimu leo. Nikaona nikinyamaza sasa hivi sitasema tena.

"Ile barua sikuipeleka," nikamwambia.

"Najua," alisema. "Niliikuta kwenye daftari la Historia ile jioni."

"Mbona hukunitaja?"

"Ningekutaja, ungechapwa, ungevuliwa ukiranja. Na mimi mama ningemwachia nani? Nilikuja kujaribu tu."

Nilihisi mzigo unanishuka, na naona aibu kukuambia kwamba nilianza hata kutabasamu. Yeye alikuwa anazinyoosha zile nyuzi za pipi, mmoja mmoja, hanitazami.

"Barua uliogopa, ulikuwa mtoto," alisema. "Siku ya mahafali yako nikatunga shada, nikaja. Nimesimama pale jikoni, nikakusikia. Lile neno la utoro hukuogopa. Uliliandika kwa mwandiko wako mzuri."

Risala ilikuwa imekwisha, jina la binti yake likaitwa. Alinyanyuka, akapita kwa shida katikati ya viti, shada amelinyanyua juu lisiguse watu, na mimi nikabaki nimeshika la kwangu la dukani, lililo ndani ya nailoni yake bado.