Waya Nilizozisuka

Mimi ni msusi wa nywele na mume wangu alikuwa fundi. Kazi zetu hizo zilikutana mara moja tu, ndani ya boksi la chuma kwenye kisima kimoja upande wa Mashuuru. Mara hiyo moja ilitosha.

Tulikuwa tukiishi Kitengela, wakati nyumbu bado wanavuka barabara wapendavyo na kula sukuma wiki za watu. Zangu walizimaliza, na mpaka leo sioni kwa nini wazungu wanalipa kuwaangalia. Mume wangu alikuwa anatengeneza kengele za kuzuia wezi. Fundi mwingine akanunua moja, akaifungua, akaiga kila kitu, akaanza kuuza. Mume wangu alimfuata mpaka dukani na kumpiga kwa spana mdomoni. Akalala seli.

Alipotoka hakupiga mtu tena. Alianza kuficha. Vile vidude vyeusi vya ndani alivisugua kwa msasa hadi maandishi yakaisha, mtu asijue ni vya aina gani. Halafu akamwaga juu yake gundi nyeusi inayokauka kama jiwe. Ukijaribu kuibandua, inatoka na nyama yake.

Miaka ya elfu mbili, jua likiwaka vibaya, wazee wa kisima kile walimwita. Walikuwa na tangi kubwa la plastiki juu ya mawe, na kompyuta ndogo ndani ya boksi, inayofungulia maji kwa zamu. Mzee wa kila boma alikuwa na namba yake ya siri. Akiibonyeza siku yake, maji yanaingia kwenye birika la kunyweshea mifugo. Siku si yako, hupati. Lakini boksi la kwanza lilikuwa na waya za rangi, na mtu alifungua kwa kisu, akaunganisha nyekundu na nyekundu, akanywesha ng'ombe zake siku nzima. Wenye zamu walipofika walipigana hadi mmoja akapoteza jicho. Kwa hiyo wazee wakataka boksi ambalo hakuna mtu ataweza kulichezea.

Akalitengeneza nyumbani kwetu. Ndani ya programu alichanganya maneno ya uongo na ya kweli, kama mtu anayehojiwa na polisi. Akaweka taa zinazowaka bila kazi yoyote. Waya zote akanunua nyeusi, na nyingi hazikuwa zinapeleka kitu popote. Halafu akaniletea.

"Mama watoto, nisukie hizi."

"Nisuke waya?"

"Kama nywele za matuta. Mimi natoka nje nisione. Kitu nisichokijua, hakuna mtu atakitoa kwangu kwa rungu."

Nilisuka, nikijicheka. Ile ya juu naipitisha chini, ya chini naificha katikati. Alirudi na testa yake, kale kamashine ka kupima umeme, akatafuta miisho ya zile za kweli, akafunga na kumwaga gundi. Bila testa hata yeye alikuwa kipofu.

Siku ya shida tulienda pamoja kuangalia pampu. Ilikuwa mchana. Wakaja wanaume na mifugo kutoka mbali, watu wasio na namba hapo. Ng'ombe zao zilikuwa ngozi juu ya mbavu, moja ikaanguka mbele yetu ikafa macho wazi. Sitasema walikuwa wabaya. Walitaka maji.

Mzee mwenyekiti aliwaambia wangoje wenye zamu wafike wakubaliane nao. Rungu likamshukia begani, nikasikia mfupa. Kisha wakamwangusha mume wangu. Testa yake wakaiponda kwa jiwe, wakidhani ni simu ya kuita polisi.

"Fundi, waya gani inafungua?"

"Sijui."

"Si wewe ulitengeneza?"

"Nilitengeneza hivyo, nisijue."

Wakacheka. "Huyu anatuona sisi ndio ng'ombe."

Waliuweka mkono wake wa kulia juu ya jiwe wakaupiga. Akapiga kelele kwamba waya nyingi ni za bure. Wakampiga kwa kudanganya. Akasema na taa ni za bure. Wakampiga tena. Kila alichosema kilikuwa kweli, na kila kweli ilimvunja kidole. Angedanganya angepata hata nafasi ya kupumua.

"Leta mkono ule mwingine," mmoja akasema, na akachomoa sime. Safari hii haikuwa ya kupiga. Ilikuwa ya kukata.

"Ni mimi nilisuka!" nikasema.

"Yeyo, mama, wewe?"

"Mimi. Muulize."

Mume wangu alitikisa kichwa nisiendelee. Kwao hiyo ikawa ndiyo.

Nilisimama mbele ya boksi. Kazi ya vidole vyangu mwenyewe, na sikuona kitu ila weusi. Nikamwambia kijana, "Nipe sime nikwangue gundi." Akanipa. Wangeweza kupasua tangi tangu mwanzo, lakini walitaka maji ya leo na ya kesho. Mimi nilitaka mume.

Nilizunguka boksi, nikalidunga tangi na kuvuta kwenda chini kwa nguvu zote.

Maji yalinipiga kifuani yakaniangusha. Ng'ombe ziliingia hapo kama zimechomwa moto, zikapanda juu ya nyingine, ndama wakakanyagwa kwenye matope. Wanaume walimwacha fundi wakakimbilia mifugo. Mmoja tu alinirudia akanipiga ngumi mdomoni, ndiyo maana sina meno mawili hapa mbele. Mwenyekiti, bado yuko chini, alitazama maji ya maboma yote yakiingia ardhini.

"Mama," akasema, "umetuua."

Nilimbeba wangu.

Tulipata pikapu ya kutupeleka hospitali Kajiado. Mume wangu alilala nyuma, kichwa mapajani mwangu, mkono umevimba kama kiazi kikuu. Niliogopa atanifia njiani. Kisha akafungua jicho moja.

"Boksi wamelifungua?"

"Hapana."

Akatabasamu! Damu mdomoni, anatabasamu. Nilimzaba kofi. Mtu aliyepigwa na kundi zima, nami nikamwongeza la kwangu.

Akanitukana, mimi na ukoo wetu wote, kwa sauti iliyomfanya dereva ageuke. Ndipo nikajua atapona.