Baiskeli Iliyotundikwa Ukutani

Basi lilipoanza kupita barabara ya Nzega, mume wangu aliipandisha baiskeli yake ukutani, akaitundika kwa kamba juu ya magunia ya karanga. Alikuwa karani wa duka mjini Tabora, na makarani wenzake walikuwa wamekubaliana kwamba mtu wa kalamu hafiki kazini na jasho mgongoni. Nyumba nyingi kijijini kwetu zilifanya vivyo hivyo. Zamani kidogo tu, mwanamume asiye na baiskeli alipata shida hata kuposa. Sasa aliyeiendesha aliitwa mshamba.

Basi hilo halikwenda kisimani. Halikwenda shambani wala zahanati ya misheni. Huko nilikwenda mimi kwa miguu, debe kichwani, mtoto mgongoni, na kila asubuhi nilipita chini ya magurudumu yasiyo na kazi. Nilikasirika polepole, kisha nikakasirika kabisa. Njia yetu ya kisimani ilikuwa kipande cha njia ya zamani ya misafara. Babu yangu alipita hapo na pembe ya ndovu begani kwa kuwa hakuwa na namna nyingine. Mimi nilikuwa nayo, ila imefungwa kamba.

Kiangazi kilipokausha kisima cha karibu, niliishusha baiskeli. Wifi yangu alishika kiti kwa nyuma, nami nikajifunza kwenye mashamba yaliyokwisha kuvunwa, nimevaa kaptula kuukuu chini ya gauni. Nilianguka mpaka magoti yakachubuka. Haikuchukua muda nikawa narudi na maji kabla jua halijawa kali, madebe nimeyafunga pande mbili za keria.

Mume wangu alizisikia habari hizo ndani ya basi, abiria wakicheka. Alipofika nyumbani alinikataza kuigusa tena. Alisema namwaibisha, mwanamke kupanda chuma mbele za watu. Nilimuuliza aibu ni ipi, kuipanda au kuiacha ioze. Alikwenda kumwita mama yake, akitumaini kwamba yeye angenikanya.

Mama mkwe alitusikiliza wote wawili, kisha akamgeukia mwanawe.

"Hutaki mkeo aende nayo, sawa. Basi kesho maji utayaleta wewe. Panda hilo basi lako, likufikishe kisimani."

Mume wangu hakwenda, wala hakulizungumza tena jambo hilo. Wifi alijifunza, wakafuata majirani, na kila mmoja alianza kwa kugombana na mumewe.

Jumapili moja mzee wa kanisa alisimama akatuonya kwamba tunawaharibu mabinti. Mkewe alikuwa amekaa karibu nami, akijikanda shingo kwa maumivu ya kubeba madebe. Baada ya ibada tuliwakusanya mabinti hao nyuma ya shule, tukaanza kuwafundisha. Wengi walikatazwa na baba zao kabla hawajaweza hata kukunja kona, na hasira ya jambo hilo bado ninayo.