Mwana wa Nani

Hospitali ninayofanya kazi hapa Landani ina rabi wake, mama wa makamo wa Kiyahudi anayezunguka wodini kuwaliwaza wagonjwa wa dini zote. Mimi kazi yangu ni kuwaosha na kuwalisha wagonjwa haohao, kwa hiyo tunakutana kando ya vitanda vya watu. Siku ya kwanza nilipomsikia akimuuliza mzee mmoja, "Mama yako anaitwa nani?" nilijisemea, kumbe hata Ulaya waganga wapo. Kwetu Tanga anayetaka jina la mama yako ni mpiga ramli, na mwenye akili zake hamtajii.

Baadaye nikaelewa. Kwao mgonjwa akiombewa dua hutajwa yeye, mwana wa mama fulani. Rabi akishapata jina hufumba macho, akaliimba taratibu. Nimeona wazee wakali kama pilipili kwetu sisi tunaowaosha wakilia kwa kulisikia tu.

Mama yangu alizikwa mimi nikiwa jikoni Barking, mtaa ninaokaa hapa Landani, simu sikioni. Karatasi zangu zilikuwa kwa watu wa uhamiaji, na bila hizo ningetoka nisirudi. Mdogo wangu aliinamisha simu kaburini, nikasikia shehe akisoma talakini, maneno ya kumwelekeza maiti, akimwita mama kwa jina lake, binti wa bibi yangu. Halafu mtandao ukakata. Nilibaki nimesimama mbele ya sinki na wazo moja ambalo halikunitoka tena: nikifa hapa, nani anajua mimi mwana wa nani? Msikitini ni braza. Kazini wananiita nusu ya jina langu. Mwenye nyumba ananijua kwa namba ya chumba.

Kesho yake nilirudi kazini. Wenzangu waliniambia "Sorry, darling" huku wakivaa glavu, na siwalaumu, wodi ilikuwa imejaa. Mchana rabi akanikuta kwenye chumba cha chai, akaketi, akanyamaza. Hata pole hakunipa. Hasira zilinipanda, maana kwetu hata adui yako hukupa pole.

"Rabi, nimefiwa na mama," nikasema mwisho.

"Najua. Kwetu mfiwa ndiye anayeanza kusema. Nilikuwa nakungoja."

Nikakoroga chai isiyohitaji kukorogwa. Kisha likanitoka: "Mbona mimi hujaniuliza jina lake?"

"Ile ni dua ya wagonjwa."

"Kwani mimi mzima?"

Alisogeza kiti, akaniuliza jina la mama kama anavyowauliza wagonjwa. Tangu nije mji huu sikuwahi kulitaja kwa sauti. Mama ni mama, nani humwita jina? Nikalitaja. Akalikosea. Nikamsahihisha, akalikosea tena, tukarudia mpaka likamkaa mdomoni. Ndipo akafumba macho akaniimba, mimi mwana wa yule mama, na birika la umeme likichemka nyuma yetu. Nililia mbele ya mtu kwa mara ya kwanza Landani.

Bado naishi peke yangu, na jioni za Barking ni ndefu. Upweke haukuondoka, nisidanganye. Ila nimempa mdogo wangu namba ya simu ya rabi. Nimemwambia, siku ikifika, shehe wa huku akisimama kaburini kwangu asijue aniite mwana wa nani, amwelekeze kwa rabi, maana huku ni yeye tu anayejua.