Memori ya Kompyuta ya Mama Yake

Kompyuta ya marehemu binti yangu wa mwisho ilikaa juu ya kabati langu, imefungwa kwa kanga, tangu tulipomzika. Alikuwa mwalimu. Mtoto aliyeniachia alikuwa hata hajaanza kutembea. Sasa huyo mjukuu wangu ni msichana wa sekondari, na alichokuwa akikitaka ni kimoja: kusikia sauti ya mama yake. Shangazi yake alishamwambia kwamba mle ndani mama alijirekodi akicheza naye.

Akaiwasha. Ikazunguka, ikakwama, ikazima. Fundi akasema mashine bado nzima ila memori yake imekufa, tutafute nyingine inayoendana nayo.

Mimi sikutaka, na sababu nilikuwa nayo. Baada ya msiba yule mtoto aliumwa, homa haishuki, analia akitazama mlangoni. Wazee wakasema mama yake anamwita. Tukambadilishia jina, kama tunavyofanya kwetu mtoto akiandamwa, na lile la kwanza nikakataza lisitamkwe tena nyumbani kwangu. Homa ikaisha. Shule niliishia darasa la pili, lakini majina hayanipotei, ya walio hai wala ya waliolala. Hilo moja nililifungia kifuani. Mtoto mwenyewe halijui. Nikamfundisha na jambo jingine, kama nilivyofundishwa mimi: akisikia anaitwa na mtu asiyemwona, asiitike.

Lakini kila tukila nilimwona anaitazama ile kanga juu ya kabati. Nikashindwa. Tukaibeba kompyuta, tukapanda basi kwenda Singida mjini.

Kwenye maduka yenye vioo walitutolea vipande vipya vya memori tu. Kila kipande kina pengo ukingoni, na kwenye mashine kuna jino la kuingia pale. Vya siku hizi pengo lake limekaa kwingine, haviingii hata ukisukuma. Mwisho tukafika kwa Mhindi mmoja mzee anayeuza vipuri vya redio, mzaliwa wa hapahapa, akanisalimia kwa Kinyaturu. Akafunua kopo la biskuti, akachambua, akatoa kimoja.

“Hiki ni cha rika letu, dada,” akasema. “Vya hawa watoto havitatufaa.”

Nikamuuliza kilikuwa cha nani. Kwetu nguo ya marehemu haiingii nyumba nyingine mpaka ndugu zake waitoe kwa mikono yao. Akasema kimetoka kwenye mashine iliyokufa, mwenyewe hamkumbuki.

“Nacho hakikumbuki,” akasema. “Ukizima, kinasahau yote. Ni meza ya kupangia vitu, siyo sanduku la kuvitunza.”

Nikashangaa, kitu kinaitwa memori na hakikumbuki. Mjukuu akacheka, akasema kumbe wangemfunga bibi humo ndani, hakuna jina lingepotea.

Kikaingia bila kusukumwa.

Kesho yake mchana, upepo ule wa kwetu unapiga mabati, akaiwasha mezani, akaigusa ile rekodi. Ikazunguka, ikazunguka. Akaona inachelewa, akatoka kwenda kuepua mboga. Jiko letu liko nje, ng'ambo ya uwanja.

Nikiwa peke yangu, binti yangu akaanza kucheka. Akapiga makofi, kama wanavyopigiwa watoto wachanga. Kisha akaita lile jina la kwanza, kwa sauti ya chini, ya kubembeleza. Mimi niliyekaa karibu nililisikia kwa shida.

Kule jikoni mjukuu wangu akaitika, “Abee, mama.”

Mimi ananiita bibi. Hajapata kumwita mtu yeyote mama.

Akaingia anafuta mikono. “Nani kaniita?”

Ningeweza kusema ni upepo. Nikamwambia, “Mama yako. Hilo uliloitikia ndilo jina lako la kwanza.” Akakaa chini, akaisikiliza yote, mara nyingi, mkono uko mdomoni.

Usiku nilimpapasa paji la uso. Hakuwa na homa, wala haijaja mpaka leo. Nikashukuru, nikaona basi, yameisha.

Jana mchana upepo ulirudi. Kompyuta ilikuwa imezimwa, iko juu ya kabati ndani ya kanga yake, nami nilikuwa chini yake nachagua mchele. Nikamsikia jikoni akiitika tena, taratibu, kama mtu aliyezoea. Nikaacha mchele, nikangoja aje aniulize ni nani aliyemwita.

Hakuja.